Sauti Nyembamba ya Chelo: Hotuba kabla ya Kupigwa kwa Vox Balaenae

Waheshimiwa wazee wetu, walimu wetu, ndugu zangu wapenzi wa muziki, asalaam aleikum, na karibuni nyote.

Nimeombwa niseme machache kabla hatujaanza kupiga. Kazi yenyewe huchukua kama dakika 20 tu, na mimi naomba muda usiopungua sana huo ili niwaeleze mtakachokisikia. Sifanyi hivyo kwa kudhani kwamba masikio yenu yanahitaji kufundishwa. Mtu aliyekulia Mji Mkongwe, ambaye tangu utotoni amesikia fidla ikiteleza kutoka sauti moja hadi nyingine na nai ikipumua baina ya beti, ana sikio lililokwisha kupita vyuo vingi. Nasema kwa sababu chelo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, mtakayoisikia usiku wa leo haitatoa ile sauti mliyoizoea, nami nataka mjue mapema kwamba kila mlio utakaowashangaza umeandikwa na mtunzi kwa makusudi, na kwamba sisi watatu tumehangaika miezi mingi kuupata vile vile alivyoutaka.

Kazi hiyo inaitwa Vox Balaenae, maneno ya Kilatini yenye maana ya sauti ya nyangumi. Iliandikwa mwaka 1971 na Mmarekani George Crumb kwa ajili ya kikundi cha New York Camerata, na inahitaji watu watatu: mpiga filimbi, mpiga chelo na mpiga piano, kila ala ikiwa imeunganishwa na kipaza sauti. Huu ndio muziki wa chumbani, yaani muziki wa watu wachache wasio na kiongozi wa kusimama mbele yao na kifimbo, ambao kila mmoja ana sehemu yake peke yake na hana mwenziwe wa kujificha nyuma yake. Katika orkestra zetu za taarabu, kama ile ya Ikhwani Safaa, chama kilichoanzishwa mwaka 1905, chelo hukaa chini ya fidla na kuushikilia wimbo kutoka huko chini, kama boriti zinavyoshikilia dari za nyumba zetu za mawe. Ni kazi ya heshima, nami niliianza chelo katika nafasi hiyo hiyo. Lakini Crumb aliitoa chelo chini ya dari, akaipandisha juu kabisa, mahali ambapo sauti yake huwa nyembamba kama uzi wa buibui, kisha akaiachia ibebe wimbo mkuu wa kazi nzima.

Alikuwa na sababu ya kuithubutu ala hii. Crumb alizaliwa tarehe 24 Oktoba 1929 huko Charleston, West Virginia, katika nyumba ya wanamuziki: baba yake alipiga klarineti na mama yake alipiga chelo. Mwaka 1955, akiwa bado mwanafunzi, aliandika sonata ya chelo peke yake, akamtunukia mama yake. Mimi huikumbuka habari hiyo kila ninapoufungua mkoba wa ala yangu. Kwa watunzi wengi chelo ni sauti ya mwanamume mtu mzima, nzito na yenye kifua, na ndivyo vitabu vinavyopenda kuieleza. Kwa Crumb, kabla ya kuwa sauti nyingine yoyote, chelo ilikuwa sauti ya mama akifanya mazoezi chumba cha pili. Alifundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania na alifariki Februari 2022 akiwa na umri wa miaka 92, na katika maisha hayo marefu hakuacha kuzitafuta sauti ambazo ala za kawaida huzificha ndani yake.

Mwaka 1969 Crumb alisikia kanda ya sauti za nyangumi nundu iliyotayarishwa na mwanasayansi wa bahari. Hiyo ndiyo mbegu. Miaka hiyo masikio ya watu wengi yalikuwa yameanza kufunguka kuhusu wanyama hawa. Mhandisi mmoja aliyefanya kazi na jeshi la majini la Marekani huko Bermuda, Frank Watlington, alikuwa amezinasa sauti zao kwa vyombo vilivyozamishwa baharini, na kutoka kwake zikamfikia mwanabiolojia Roger Payne. Mwaka 1970 zikatolewa katika sahani ya santuri, na mwaka 1971, mwaka ule ule wa kazi yetu ya leo, Payne na mwenzake Scott McVay walichapisha makala ya kisayansi iliyoonyesha kwamba milio ile ina mpangilio. Nyangumi hupiga mfululizo wa sauti kwa muda wa dakika 7 hadi 30, kisha huurudia kwa utaratibu ule ule tangu mwanzo. Kwa hiyo ni wimbo, kwa maana ile ile tunayoitumia sisi. Leo tunajua pia kwamba waimbaji ni madume, kwamba madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja, na kwamba wimbo huo hubadilika mwaka hadi mwaka huku wote wakibadilika nao. Wapiga taarabu hawatashangazwa na habari hiyo.

Sasa niseme jambo ambalo ndilo lililonifanya niishikilie kazi hii nisiiache. Nyangumi nundu ni wageni wetu wa kila mwaka. Hutoka kwenye bahari baridi za kusini, karibu na Antaktika, wanakojilisha, wakaja kuzalia na kulelea watoto wao katika maji ya joto ya upande huu wa Bahari ya Hindi. Hufika kusi likiwa bado linavuma, na kati ya Julai na Novemba huonekana Msumbiji, Mtwara, Mafia, hapa Unguja upande wa Kizimkazi, hadi Watamu kule Kenya. Mara nyingi nimeulizwa kwa nini mtu wa pwani ashughulike na muziki wa Mmarekani uliotungwa zaidi ya miaka 50 iliyopita. Jibu langu ni kwamba mtunzi aliusikia wimbo huo katika kanda, nasi wimbo wa jamaa zao unapita mbele ya milango yetu.

Nimeusikia mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa Septemba, kusini mwa Unguja, katika boti ndogo ya mvuvi aliyekubali kunichukua baada ya kumsumbua siku mbili. Tuliona mgongo mmoja mkubwa ukichomoza na kuzama, kisha bahari ikatulia kama haikuwahi kuwa na kitu. Nahodha akazima mashine, akachukua kasia, akalitumbukiza bapa lake majini, akaniambia, "Mwanangu, tia sikio hapa," akinionyesha ncha ya mpini. Nikaweka sikio juu ya ule ubao uliolowa. Mwanzo nilisikia maji tu yakigonga. Halafu, kwa mbali, chini ya maji na ndani ya mbao kwa wakati mmoja, ukaja mlio mrefu uliopanda taratibu, kama mlango mzito wa mninga unaofunguliwa katika nyumba ya tatu, ukakatika, ukarudi. Niliinua kichwa na sikusikia kitu. Nikainamisha sikio na mlio ukawa pale pale. Kama ningekaa wima na kungoja sauti inifuate, ningerudi ufukweni nikisema kwamba nyangumi wa siku ile walikuwa kimya. Tangu siku hiyo nimeyaelewa maandishi ya Crumb kwa namna ambayo mwalimu wangu alikuwa amejitahidi sana kunieleza bila mafanikio.

Turudi kwenye chelo. Nyuzi zake nne kwa kawaida hulinganishwa, kutoka mnene hadi mwembamba, katika sauti ziitwazo C, G, D na A. Crumb anaagiza tatu kati yake zihamishwe: C ishuke nusu toni, yaani hatua moja ndogo ya sauti, iwe B, G ishuke nusu toni iwe F-sharpu, na D ipande nusu toni iwe D-sharpu. A peke yake hubaki mahali pake. Kwa karatasi ni mabadiliko madogo. Kwa mkono ni kama kuingia katika nyumba yako usiku ukakuta kila kiti kimesogezwa shibri moja. Kidole huenda kwenye sauti kinayoijua na kukutana na jirani yake. Zaidi ya hayo, mwili wa ala huanza kuitikia tofauti, kwa sababu nyuzi hizo tatu zilizohamishwa, zikipigwa wazi kwa pamoja, huitoa kodi ya B meja, yaani sauti tatu zinazopatana zikilia pamoja, na ufunguo huo, yaani ngazi hiyo ya sauti, ndio kazi nzima inakoelekea na kukamilikia. Ukiusugua uzi mmoja kwa upinde, wenzake huanza kutetemeka kabla hujawagusa. Unyevu wa pwani hii huvimbisha mbao za vigingi vya kukazia nyuzi hata vikakwama, na mara ya kwanza nilipojaribu kuupandisha ule uzi wa D, kigingi kiligoma, kikaachia kwa ghafla, uzi ukakatika kwa mlio wa bakora na kunichora mstari mwekundu mkononi. Sikuupata uzi mwingine dukani. Nilingoja wiki kadhaa hadi ulipoletwa kutoka ng'ambo. Siku hizi nafanya kazi hiyo alasiri, taratibu, robo ya mzunguko kwa robo ya mzunguko, na ala yangu iliyo nyuma ya pazia imeshalinganishwa tangu saa kumi.

Baada ya filimbi kufungua kazi, mtasikia Wimbo wa Bahari, nao ndio wa chelo. Mpiga piano atainama ndani ya piano na kuzipapasa nyuzi kwa mikono yake, kama mtu anayeifuta ganuni kubwa mno, na juu ya giza hilo chelo itaimba kwa hamoniki peke yake. Naomba niwaeleze hamoniki ni nini, maana hapo ndipo siri yote ilipo. Uzi ukiachwa wazi hutetemeka kwa urefu wake wote. Ukiukandamiza kwa kidole hadi kwenye ubao, unaufupisha, na sauti inapanda. Lakini ipo njia ya tatu: kuugusa tu. Ukiugusa katikati kabisa, kwa wepesi wa mtu anayejaribu chai kama ni ya moto, uzi hugawanyika wenyewe na kutetemeka katika mafungu mawili yaliyo sawa, na sauti hupanda oktava moja, yaani sauti ile ile ngazi nzima juu. Ukiugusa kwenye robo yake, hutetemeka katika mafungu manne, na sauti hupanda oktava mbili. Ukizidisha uzito kidogo tu, mlio unakufa. Ukisogea kando kidogo tu, mlio unakufa. Hakuna kifua hapa, hakuna nguvu ya bega. Kuna ncha ya kidole na mwendo wa upinde ulio sawasawa kama pumzi ya mtu aliyelala.

Wapo wanaosema kwamba watunzi wa zama hizi wanachukia wimbo mtamu, na kwamba wanazitesa ala ili kuwatesa wasikilizaji. Ninaheshimu malalamiko hayo, kwa sababu zipo kazi ambazo nami nimezisikiliza hadi mwisho bila kupata pa kuushika mkono wa mtunzi. Hii si mojawapo. Wimbo wa Bahari ni wimbo, mtauimba moyoni mkirudi nyumbani. Crumb ameuvua unene tu, na kwa kuwa ameuvua unene, msikilizaji hawezi kukaa wima na kuungoja. Atainamisha sikio kwenye mpini wa kasia.

Yanafuata mabadiliko matano juu ya wimbo huo, yaani namna tano za kuupiga upya, kila moja limepewa jina la zama moja katika historia ya dunia, kuanzia Arkeozoiki, wakati maji na mawe yalipokuwa hayajawa na mwenyewe, hadi Senozoiki, zama zetu. Nitapita haraka katika mengi, ila lile la kwanza siwezi kulipita, kwa sababu ndani yake chelo inageuka shakwe. Namna yake ni hii: kidole kimoja kinaukandamiza uzi, kingine kinaugusa mbele yake, kisha mkono mzima unateleza juu ya uzi kuelekea kichwani mwa ala bila kubadilisha nafasi iliyopo baina ya vidole viwili. Sauti inashuka kwa kilio, na ghafla, bila mpigaji kufanya lolote, inaruka juu yenyewe na kuanza kushuka tena, kilio baada ya kilio. Mpigaji hachagui miruko hiyo. Inazaliwa na hesabu ya uzi wenyewe. Mtoto wa dada yangu, nilipokuwa nikifanya mazoezi barazani, aliinua kichwa akatazama juu akimtafuta ndege. Sijapata kusifiwa kwa ukweli kuliko hivyo.

Mtatuona tumevaa barakoa nyeusi za nusu uso. Hayo pia ni maagizo ya mtunzi, pamoja na taa za buluu iliyoiva, na lengo lake ni kuufuta utu wetu ili kinachosikika kiwe nguvu za maumbile, si fulani bin fulani anayejionyesha. Katika mji huu, ambako mabibi wa Kiarabu wa zama za masultani walivaa barakoa na watu wakawatambua kwa sauti na mwendo, sidhani kama nina haja ya kueleza jinsi uso uliofunikwa unavyolinoa sikio la anayetazama.

Sikilizeni kwa makini mabadiliko ya Senozoiki. Hapo ndipo binadamu anapoingia duniani, na Crumb anamwingiza kwa kuazima vipande vya ule ufunguzi maarufu wa Zarathustra, kazi ya orkestra ya Mjerumani Richard Strauss ya mwaka 1896, ambao mtakuwa mmeusikia pia kidogo, kama kwa kuigizwa, karibu na mwanzo wa kazi. Ni mahali penye kelele kuliko pote. Mtunzi alipoandika hayo, uwindaji wa nyangumi kwa biashara ulikuwa bado ukiendelea baharini. Katika karne ya 20 zaidi ya nyangumi nundu 200,000 waliuawa katika nusu ya kusini ya dunia, na miongoni mwao wamo waliokuwa wakija kuzaa katika maji yetu. Makubaliano ya kusimamisha uwindaji wa biashara yalifikiwa mwaka 1982 na kuanza kutumika mwaka 1986. Zile santuri za 1970, kwa kuwafanya watu wasikie, zilikuwa na mkono katika kuyafikia. Mimi kila ninapolipiga lile fungu la Senozoiki nahesabu kwamba wazee wa wale niliowasikia kupitia kasia walikuwa hai wakati wino wake ulipokuwa haujakauka, nao walikuwa wamebaki wachache.

Sehemu ya mwisho inaitwa Wimbo wa Usiku wa Bahari, na mtunzi ameandika pembeni yake: kwa mwisho wa wakati. Wajuzi watamkumbuka hapo Olivier Messiaen, Mfaransa aliyetunga kwarteti yake, yaani kazi ya wapigaji wanne, ya mwisho wa wakati akiwa mfungwa wa vita, ikapigwa kwa mara ya kwanza tarehe 15 Januari 1941 katika kambi ya wafungwa huko Görlitz, Ujerumani, chelo ikiwa mikononi mwa Étienne Pasquier. Inasimuliwa mara nyingi kwamba chelo ile ilikuwa na nyuzi tatu tu; Pasquier mwenyewe alikanusha, akasema zilikuwa nne. Messiaen naye aliipa chelo wimbo mrefu, wa polepole mno, juu ya piano tu. Lakini chelo yake inaimba kwa koo lililo wazi, kama muumini anayesimama kuomba. Ya Crumb imekwisha kuomba na sasa inasikiliza.

Katika sehemu hiyo ufunguo wa B meja unafika hatimaye, na zile nyuzi tatu nilizozihamisha alasiri zinakuwa nyumbani kwao. Mtaniona nikiuacha upinde kwa nyakati fulani na kupiga matoazi madogo ya shaba, kwa zamu na mwenzangu wa filimbi. Kisha litakuja fungu dogo la noti kumi, likirudiwa na kurudiwa, kila mara likiwa dogo zaidi, kama bamvua linapopwa na kila wimbi kuishia hatua moja nyuma ya lililotangulia. Mara ya mwisho tutalipiga bila kulipiga. Mikono itakwenda, vidole vitakwenda, na hakutakuwa na sauti yoyote, kwa kuwa mtunzi alitaka wimbo uendelee kupungua hata baada ya kuvuka mpaka wa masikio yetu.

Kwa hiyo nina ombi moja. Mtakapoona mikono yetu ingali inakwenda, na ukumbi uko kimya, msipige makofi bado, maana wimbo utakuwa haujaisha. Ngojeni mpaka tuishushe mikono. Baadhi ya wenzetu tuliowapigia faragha wiki iliyopita waliapa kwamba waliisikia ile mara ya mwisho, noti zote kumi, nami sikuwabishia.

Mwenzangu wa filimbi amekwisha kuvaa barakoa yake. Naomba taa nyeupe zizimwe, na ziwashwe zile za buluu.